Kuapa Bila Kumkana Baba

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi nilipoambiwa kwamba mimi si Mkenya. Aliyeniambia hakuwa na nia mbaya. Alikuwa msimamizi wa zahanati ya Kakuma, mwanamume mpole aliyeletwa kwetu kutoka upande wa Kitale, na siku hiyo alikuwa mezani akinijazia fomu ya kazi. Nilikuwa nimemsaidia kwa miaka mitatu kama kibarua. Nilichemsha sindano, nikaosha vidonda, nikafunga bandeji, nikawapaka dawa ya macho watoto walioletwa kutoka malishoni kope zikiwa zimegandamana. Sasa serikali ilitaka dresa mmoja wa kudumu, yaani mfunga vidonda aliyeandikwa rasmi, na msimamizi alikuwa amependekeza jina langu.

"Baba alizaliwa wapi?" aliuliza bila kuinua uso.

Nikamtajia mahali penyewe. Ni ng'ambo ya mpaka, juu ya magenge, upande wa Uganda, mwendo wa siku mbili au tatu kwa mtu mwenye miguu mizuri.

Kalamu ikasimama. "Na mama?"

"Mama ni Mturkana wa hapa. Alizaliwa hapa hapa kando ya mto Tarach."

"Mama hahesabiwi," alisema. "Sheria inamfuata baba. Wewe mwenyewe ulizaliwa wapi?"

"Kule kule kwa baba."

Akaiweka kalamu chini akajifuta jasho shingoni. "Basi kwa karatasi wewe ni wa Uganda." Alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Fomu hii naweza kuichana nikaandika nyingine. Tunaandika baba alizaliwa Lokichar, huku huku Kenya. Nani atafunga safari kwenda Lokichar kuuliza?"

Sitajifanya kwamba sikushawishika. Niliutazama mkono wake ukiwa juu ya ile karatasi, nikajua kwamba nikinyamaza tu, ataichana, na jambo litakuwa limekwisha. Miaka ile habari za kutoka ng'ambo zilikuwa za askari na za watu kupotea, na kusema wazi kwamba umetoka huko halikuwa jambo la kujivunia. Lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, "Usiichane."

"Una uhakika?"

"Baba yangu hakuzaliwa Lokichar."

Baba nilimjua kidogo sana. Alikuwa akishuka magenge na mtama na tumbaku kuja kubadilishana na mbuzi za watu wetu, na katika safari hizo ndipo alipomwona mama. Alimlipia ng'ombe kama inavyotakiwa, akampeleka kwake. Nilizaliwa huko. Ninakumbuka mgongo wake alipokuwa akinibeba, na kovu refu la chale begani, na namna alivyokuwa akivuta maneno alipoongea, kwa sababu lugha yao na yetu ni karibu moja ila wao huivuta. Nilipokuwa na miaka mitano hivi, alishikwa na homa akafa. Hakuuawa na mtu. Miezi michache baadaye mama alinishika mkono tukashuka magenge, tukarudi kwa wajomba zangu Kakuma.

Watoto wa Kakuma walinisikia nikiongea wakanipa jina. Waliniita *emoit*. Katika Kiturkana neno hilo ni mgeni na ni adui, yote mawili pamoja. Hatuna neno jingine la kuyatenganisha. Nilipigana kwa sababu ya neno hilo mpaka lugha yangu ikanyooka, nikawa naongea kama wao. Kisha ikaja shule, na mbele ya shule ukaja mlingoti, na juu yake bendera mpya. Nilikuwa wa kwanza kufika mlingotini kila asubuhi. Niliimba kwa sauti kuliko wote. Nilidhani kila anayeimba pale tayari amehesabiwa.

Msimamizi aliandika ukweli. Jibu lilirudi kutoka Lodwar baada ya wiki kadhaa: nafasi ningeweza kuipata, lakini kwanza nijiandikishe kuwa raia, na kujiandikisha kulitaka kiapo. Nifike mwenyewe ofisi ya wilaya.

Nilisafiri juu ya lori lililokuwa limebeba ngozi za mbuzi. Lodwar nilikuwa nimefika mara moja tu kabla ya hapo, na bado ilinishangaza kwa mabati yake mengi na joto lililotoka chini badala ya juu. Nilinawa uso kwenye bomba la hospitali, nikavaa viatu nilivyokuwa nimevibeba mkononi, nikaingia ofisini.

Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu wa bara, kijana, aliyefunga tai katika joto lile. Kando yake alikaa karani wake, Mturkana mtu mzima kutoka Kerio, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wa ofisi nzima. Ofisa alisoma barua yangu, akavuta karatasi mbili kutoka kwenye mtoto wa meza, akaweka Biblia mbele yangu.

"Ni jambo la dakika tano," alisema. "Shika Biblia, nitasoma, na wewe urudie baada yangu."

Karatasi zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba na cha majina ya dawa. Niliweza kusoma maneno, lakini maana ilinitoroka kabla sijamaliza mstari.

"Bwana, ninaomba nisomewe kwanza kwa Kiswahili," nilisema.

"Wengine huwa wanarudia tu."

"Mimi nataka kujua ninachoapa."

Hakukasirika. Alitazama saa yake, akamsukumia karani karatasi. Karani aliivaa miwani yake, akaisogeza karatasi mbali kidogo na macho.

"Hii ya pili ndio kiapo," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu, kisichojali sana sarufi. "Inasema wewe itakuwa mwaminifu kwa Kenya, itatii Jamhuri, itashika sheria yake. Hii iko sawa. Hii ingine, ya kwanza, inasema wewe nakana kule."

"Nakana nini?"

"Uganda. Kule kwa baba yako."

Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba aniambie kwa Kiturkana. Akaniambia, na kwa Kiturkana ikawa mbaya zaidi. Alitumia neno tunalotumia mtu anapomtupa mtoto, au anapomkataa ndugu mbele ya wazee ili asihusike naye tena, hata kwa kumzika. Sema kwamba unamtupa baba yako na watu wake. Ndivyo ilivyonifikia masikioni.

Niliondoa mkono wangu juu ya Biblia.

"Kuna shida?" ofisa aliuliza.

"Hiki cha pili nitaapa hata sasa hivi," nilisema. "Hicho cha kwanza siwezi."

"Haviendi kimoja kimoja. Huwezi kuwa raia wa nchi mbili. Bila cha kwanza hakuna cha pili."

"Basi siwezi, Bwana."

Karani alininong'oneza kwa lugha yetu: "Binti, ni maneno tu. Sema uende nyumbani. Baba yako amekufa, hatasikia."

"Wewe ungesema?" nilimuuliza.

Alivua miwani akaanza kuifuta.

Ofisa alifunga faili langu. Aliniambia kwamba orodha ya wafanyakazi wa kudumu itapelekwa Nairobi mwisho wa mwezi, na kwamba nisiporudi kabla ya hapo, nafasi itapewa mtu mwingine. Alisema hivyo bila kunitisha, kama mtu anayemweleza mwenzake saa ya lori kuondoka. Nilimshukuru nikatoka. Nje nilikaa chini ya mkoma, nikavua viatu nivibebe tena mkononi. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa safi, haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Mama yangu, yeye alikuwa na mtu wa kumwangushia yake. Nilimkuta anakama mbuzi, nikamsimulia yote. Alimaliza kukamua kabla hajasema lolote, kisha akanigeukia.

"Umeacha kazi kwa ajili ya mtu aliyekufa?"

"Sijaacha kazi. Nimekataa kumtupa baba."

"Nani alikuambia umtupe?"

"Karatasi ya serikali."

"Karatasi haiongei Kiturkana. Nani alisema neno hilo la kutupa?"

"Karani."

Mama alikaa juu ya kigoda chake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, shanga zikimjaa shingo nzima, na alipokuwa akifikiri alizishika kwa mikono miwili. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwa amewahi kunieleza. Baba alipokufa, ndugu zake walitaka mmoja wao amchukue, kama ilivyo desturi. Alikataa. Wakamwambia basi aseme mbele ya wazee kwamba yeye si wao tena, na kwamba mtoto si wao, ndipo waachane naye.

"Ukasema?"

"Sikusema. Niliwaambia: ninaondoka. Wakaniuliza, unatukataa? Nikawaambia, sikusema ninakataa, nimesema ninaondoka. Wakabishana siku nzima. Mwishowe mzee mmoja akasema mwanamke huyu hajamkana mtu, mwacheni aende. Wakanipa hata kibuyu cha njiani."

Alisimama akachukua chombo chake cha maziwa.

"Rudi ukawaulize watu wa Lodwar karatasi yao inataka uondoke au inataka umkane baba yako. Hayo ni mambo mawili. Wakisema umkane, urudi hapa tuchunge mbuzi. Wakisema uondoke, wewe uliondoka zamani, tena ukiwa umeshika mkono wangu."

Ningeondoka kesho yake kama ningeweza, lakini msimamizi aliitwa Lodwar kwa mkutano na hakukuwa na mtu mwingine wa kubaki zahanati. Kwa hiyo nilisubiri, na nikiwa ninasubiri, habari zikanifuata. Madereva wa malori ndio waliokuwa redio yetu. Kufikia siku ya tatu, kila duka la Kakuma lilijua kwamba yule dresa msichana ametoka kwa *emoit*, na kwamba alipelekwa Lodwar kuiapia Kenya akakataa.

Asubuhi moja foleni ilikuwa fupi kuliko kawaida. Walikuwepo wazee wawili wa kikohozi, na mwanamke mmoja aliyembeba mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, anayehema kwa haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni nimonia. Kwa ugonjwa huo msimamizi alikuwa amenifundisha nisimngoje. Nilivuta penesilini kwenye sindano na kuusogelea mguu wa mtoto. Yule mwanamke akamgeuza, akamkumbatia, akanipa mgongo.

"Namngoja daktari mwenyewe," alisema, akimaanisha msimamizi.

"Hayupo. Atarudi kesho kutwa."

"Nitamngoja."

Mmoja wa wale wazee alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba watu wa juu ya magenge waliwahi kuchukua ng'ombe za baba wa mwanamke huyo. Alisema hivyo kama anayenisaidia kuelewa. Nilielewa. Nilielewa pia kwamba mtoto yule hangefika kesho kutwa.

Ningeweza kumwomba. Ningeweza kumwambia kwamba ni uongo, kwamba mimi ni wa Tarach kama yeye, nimtaje mama tu na nimfiche baba. Nilichuchumaa mbele yake ili macho yetu yawe sawa.

"Ni kweli baba yangu ni wa kule," nilimwambia. "Na ni kweli sijaapa. Nitakwenda tena, sijui itakuwaje. Lakini leo ni mimi niliyepo hapa. Dawa ni hii. Ukitaka, nipe mguu wa mtoto. Usipotaka, kaa kivulini umngoje daktari, nami nitakuletea maji."

Aliniuliza, "Ukiapa utakuwa wetu?"

"Nikiapa nitakuwa huyu huyu unayemwona."

Sijui alipima nini. Alinitazama kwa muda mrefu, mtoto akikoroma kifuani mwake, kisha akauvuta mguu mdogo kutoka kwenye ngozi aliyombebea akanishikia. Nilimchoma. Nilimchoma tena jioni, na kesho yake, na siku nne zilizofuata. Mtoto alipona. Mama yake hakunishukuru, na sikumtegemea anishukuru, ila siku ya mwisho alipokuwa akiondoka alinisalimu kwa "Ejok" mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Msimamizi aliporudi alisikia yaliyotokea, akanishauri nikae stoo kwa muda, nihesabu dawa, mpaka watu wasahau. Alikuwa akinihurumia. Nilimwambia nitaendelea kuchoma sindano pale pale mlangoni, watu wakiniona, na kwamba nilichohitaji kwake ni ruhusa ya siku nne.

Ilibaki wiki moja mwezi kwisha. Lori nililopanda lilizama mchangani kwenye korongo moja kavu kabla ya Lodwar. Tulisukuma, tukakata matawi ya mgunga tukayaweka chini ya magurudumu, likazidi kuzama. Dereva alisema atangojea lori jingine la kumvuta, huenda likaja siku hiyo, huenda lisije. Nilijaza chupa yangu ya maji nikaanza kutembea alfajiri ya siku ya pili pamoja na akina mama wawili waliokuwa wakipeleka makuti ya kusukia vikapu. Tulifika mchana. Nilikuwa na vumbi mpaka ndani ya masikio, na safari hii sikusimama kunawa, kwa kuwa niliogopa ofisi itafungwa.

Ofisa alinitambua. "Umekubali?" aliuliza.

"Nimekuja na swali, Bwana. Karatasi ile ya kwanza inataka niondoke, au inataka nimkane baba yangu?"

Nilidhani atacheka. Badala yake alifungua faili, akaitoa ile karatasi na kuisoma taratibu, kidole chake kikifuata mistari. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuisoma hivyo.

"Haimtaji baba yako," alisema mwishowe. "Baba ametajwa hapa juu tu, jina na mahali alipozaliwa. Huku chini inasema unaacha haki za uraia wa nchi ile. Haki ya kupiga kura huko, ya pasipoti yao, ya kulindwa na serikali yao. Basi."

"Unaacha," nilirudia. "Si unakana."

"Kwa Kiswahili wengi husema kukana uraia. Lakini ndiyo, maana yake ni kuacha."

Nilimgeukia karani. Nilimwambia kwa heshima, kwa sababu alikuwa na umri wa baba yangu kama angekuwa hai, kwamba neno alilonipa siku ile lilikuwa la kumtupa mtu. Alijitetea: miaka mingi ameifasiri karatasi ile hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika. Kisha akashika kidevu.

"Hakuna aliyeuliza," alisema, sasa kwa Kiturkana. "Mimi mwenyewe sikuuliza."

Tulikaa juu ya maneno yale mpaka karibu saa ya kufunga. Ofisa alisoma kipande kwa Kiingereza, akakieleza kwa Kiswahili. Karani akakitafutia Kiturkana. Mimi nikakikubali au nikakirudisha. Mahali pa kukana tukaweka neno la kuhama, lile tunalotumia familia inapofungua nyumba zake, inapakia punda na kwenda malisho mengine, bila ugomvi na waliobaki. Kwenye kiapo chenyewe tulisumbuliwa na neno la uaminifu. Karani alitaka kutumia neno la kutii. Nilimwambia mbwa pia hutii. Ofisa ndiye aliyecheka hapo, akasema basi tutafute lingine. Tulilolipata ni lile la mtu anayebaki kwenye zamu yake kisimani hata wengine wakienda. Nililipenda hilo. Nililijua.

Kisha nikasimama, nikashika Biblia, nikaapa mara tatu: kwa Kiingereza kwa sababu ndicho kilichoandikwa, kwa Kiswahili ili ofisa asikie kwamba nimeelewa, na kwa Kiturkana kwa ajili yangu na mama. Sauti yangu ilikuwa kavu kwa sababu ya vumbi.

Kabla sijatia sahihi nilimwomba ofisa aniruhusu kuongeza mstari mmoja chini, kwamba mimi ni binti wa fulani wa mahali fulani.

"Fomu ya serikali haiongezwi," alisema. "Lakini ukishatia sahihi, unachosema humu chumbani hakuna anayekiandika."

Nikatia sahihi. Kisha nikalitaja jina la baba yangu na mahali alipozaliwa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejitambulisha. Karani aliitikia kwa kutikisa kichwa, vile mtu anavyomwitikia mgeni anayetaja ukoo wake. Ofisa alipiga mhuri.

Nimeulizwa mara kadhaa, hasa na vijana, kama kiapo kile kilinibadilisha. Lodwar yenyewe, miaka ile, mtu aliyepanda lori kwenda Kitale alikuaga akisema, "Naenda Kenya," kana kwamba Lodwar haikuwa Kenya. Wengi wa waliokuwa kwenye foleni yangu hawakuwahi kuona alama yoyote ya nchi hiyo isipokuwa bendera ya kituo cha polisi na sindano yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nusu siku nikipima kila neno la kuiapia. Walioipata bure hawakuwa na sababu ya kufanya hivyo, wala siwalaumu. Lakini mimi nilijua nilichosema, na kwa hiyo nilijua nilichodaiwa: nisiache zamu yangu. Mara mbili niliandikiwa uhamisho kwenda mji mkubwa, kwenye maji ya bomba na umeme. Mara mbili niliandika barua ya kukataa, kwa Kiingereza ambacho kilikuwa kimeanza kunitii.

Jaribio gumu lilikuja karibu na mwisho wa miaka ya sabini, msimamizi akiwa amekwisha hamishwa na funguo za zahanati zikiwa kwangu. Wavamizi walikuwa wameshuka kuchukua mifugo upande wa magharibi, watu wakafa pande zote mbili. Polisi walimleta mateka mmoja nyuma ya gari lao, paja limetobolewa na risasi. Umati uliwafuata mpaka mlangoni. Mjomba wangu mwenyewe alikuwemo, na mkuki mkononi, na mbuzi zake zilikuwa zimechukuliwa.

Askari aliyekuwa mkubwa wao alinivuta kando. "Mama, huyu nasema lugha ya kule. Wewe nasikia yeye vizuri. Uliza yeye wenzake wako wapi."

Nilimwambia kwamba nitauliza, lakini kwanza nitafunga kidonda, na kwamba ndani ya zahanati anaingia mgonjwa na askari mmoja tu. Mjomba alisimama mlangoni.

"Unamfunga huyu?" aliniuliza. "Wewe uliyeapa kuwa wetu?"

"Ndiyo, mjomba. Niliapa kubaki kwenye zamu. Zamu yangu ni hii. Ungekuwa umeumia wewe, ningeanza na wewe."

"Na ukimponya arudi tena?"

"Hilo ni la polisi na la korti. Naomba unipishe, mjomba. Anavuja."

Hakunipisha mara moja. Nilisimama mbele yake na beseni mkononi, maji ya moto yakinichoma vidole, sikurudi nyuma. Mwishowe alisogea, akatema mate pembeni, akaenda kukaa nje na wengine.

Yule mateka alikuwa kijana mwenye chale begani, na alipoanza kuongea alivuta maneno. Nilijikaza. Nilimwambia mimi ni nani kabla ya kumuuliza lolote, kwa sababu sikutaka anidhanie vingine.

"Baba yangu alikuwa wa kwenu," nilimwambia. "Mimi niliapa upande huu. Utakachosema nitakisema kwa askari, sitaongeza, sitapunguza. Kwa hiyo fikiri kabla ya kusema."

Alinitazama, jasho likimtiririka. "Baba yako aliitwa nani?"

Nikamwambia. Hakumjua, alikuwa mdogo mno. Lakini alilijua jina la mahali, akasema kuna mtama mwingi mwaka huu. Kisha akajibu maswali ya askari, mengine kwa ukweli na mengine, nadhani, kwa uongo, na nilifasiri yote vile vile yalivyotoka. Nilipomaliza kumfunga paja nilimwandikia kwenye karatasi dawa alizopewa na saa alizopewa, ili hospitali ya Lodwar wasimrudishie sindano mara mbili. Askari walimpakia garini. Sikupata kusikia iliishaje kesi yake.

Mjomba alikaa bila kusema nami kwa msimu mzima wa kiangazi. Mama ndiye aliyepita katikati yetu, akibeba maziwa huku na salamu kule, mpaka siku moja mjomba alikuja mwenyewe na jicho lililovimba, akasimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, akangoja mpaka zamu yake. Nilimwinua kope nikampaka dawa. Aliniuliza arudi lini.

"Kesho," nilimwambia. "Na kesho kutwa. Nitakuwepo."